Nilimwambia CD Haina Kitu

Kwa miaka mingi nimekuwa karani wa masjala kwenye hospitali ndogo mjini Morogoro. Kazi niliyoajiriwa kuifanya ni mafaili. Kompyuta niliongezewa baadaye, kwa sababu fundi aliyekuwa akizitunza alihamishiwa Dodoma na hakuletwa mwingine. Kabla ya kuondoka alikuwa ameiondoa Windows kwenye mashine zetu zote na kuweka Linux, maana flashi za watu zilileta virusi mpaka orodha ya wagonjwa ikapotea mara mbili. Aliniachia daftari la kaunta alilolijaza amri kwa mkono wake, kila amri na kazi yake, na ndani ya jalada alibandika mfuko wa karatasi wenye CD ya kusakinishia Linux. Siku ya kuaga alisema, "Dada, hii mashine haina siri. Ukiiuliza vizuri inakujibu." Nilimwitikia kama mtu aliyeelewa.

Wapo wanaoshangaa nikiwaambia kwamba CD bado ni sehemu ya kazi yangu. Hospitalini hazijaisha. Mgonjwa akitumwa Dar kwenye kipimo cha MRI, anarudi na bahasha kubwa ya kaki, na ndani yake mna karatasi ya majibu na CD yenye picha zenyewe. Daktari wa mifupa hakai kwetu. Anakuja Jumanne moja kila baada ya wiki mbili, anaona wagonjwa mpaka saa nane mchana, anaondoka. Siku hiyo mimi hupokea CD dirishani, nazifungua kwenye kompyuta ya masjala, halafu nazituma picha kwenye mashine iliyoko chumbani kwake.

Jumanne moja ya wakati wa vuli alifika dirishani mzee mmoja kutoka kijiji kilichoko mlimani, juu ya Bigwa. Alikuwa mkulima wa kabichi na karoti. Alivaa koti la suti juu ya fulana, na buti za mpira zenye matope mekundu mpaka kwenye vifundo. Alisimama ameegemea upande mmoja, mkono umeshika kiuno. Alikuwa amekuja na mpwa wake, mwanamke wa umri wangu hivi, ambaye huuza mboga sokoni. Mpwa alikuwa mbali, kwenye benchi la daktari, akimshikia nafasi ili isichukuliwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hii niilete kwako."

Karatasi ya majibu ilikuwa imelowa mvua alipokuwa akipanda mlima kurudi kwake baada ya Dar, ikakauka ikiwa imegandana na bahasha. Haikusomeka hata neno moja. CD ilikuwa nzima ndani ya kifuko chake cha plastiki. Niliitoa, nikaiweka kwenye trei, nikaisukuma.

Kwenye Linux, CD haifunguki mpaka mashine iipachike, yaani iiunganishe na mafaili yake mengine ili uweze kuingia ndani kama unavyoingia kwenye folda. Kwa kawaida inafanya yenyewe, unasubiri kidogo tu. Siku hiyo taa ndogo ya draivu, kile kifaa kinachosoma CD, ilipepesa, CD ikazunguka kwa mlio wa kukoroma, ikatulia. Kwenye skrini hakukutokea kitu. Niliitoa, nikaifuta kwa pindo la kitenge, nikairudisha. Ikawa vilevile. Nilifungua daftari la fundi, nikatafuta amri ya kupachika kwa mkono, nikaiandika kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Mashine ilinijibu kwa Kiingereza, kwa mstari mmoja, kwamba hakuna diski ndani ya draivu.

Nyuma ya mzee foleni ilikuwa imefika mlango wa maabara. Mafundi walikuwa wakikata vigae kwenye korido kwa ajili ya sakafu mpya, kwa hiyo kila mtu aliongea kwa sauti ya juu, na mimi pia.

"Baba, CD hii haina kitu."

Aligeuza sikio upande wa dirisha. "Haina kitu?"

"Haina kitu kabisa. Nimejaribu mara mbili."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika. Hakuna kitu humu."

Alivua kofia. Akasema, "Mungu akubariki sana," akapokea CD yake na kuitia mfukoni mwa koti. Niliona ajabu kidogo, kwa sababu mtu anayeambiwa kwamba safari yake ya Dar imeenda bure hulalamika, na ana haki. Nikadhani ni upole wa watu wa mlimani. Kwenye orodha ya daktari, mbele ya jina lake, niliandika kwamba hakuja na picha. Nikaita anayefuata, ambaye alikuwa na faili tu, na siku ile hakuna mwingine aliyeleta CD.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, alikuja mwanamke kutoka Turiani, msimamizi kwenye mashamba ya miwa. Bega lake lilikuwa limegoma kunyanyuka tangu alipoanguka kutoka kwenye trela. Hakuwa na miadi siku ile. Alikuwa mjini kwa msiba, akaona alete CD yake mapema iwe tayari. Niliiweka kwenye trei. Taa ikapepesa, ikazunguka, ikatulia.

"Dada," nikamwambia, "CD hii haina kitu."

"Haina kitu vipi?" Alisema bila kupandisha sauti. "Hizo picha nimeziona juzi mimi mwenyewe. Yule mtaalamu wa kule alinionyesha mpaka mfupa wenyewe ulipoachana. Hebu iangalie mashine yako."

Kwanza nilikasirika. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia barua fupi ya kurudi Dar, peni iko mkononi. Halafu hasira ikaisha ghafla, nikabaki nimeitazama ile trei iliyokuwa wazi. Nilimwomba aniachie CD, nikampigia simu fundi Dodoma.

"Inasemaje?" aliniuliza.

Nilimsomea ule mstari.

"Hiyo haijasema CD ni tupu," alisema. "Imesema haioni CD. Ni vitu viwili tofauti. CD ikiwa tupu, mashine itakwambia ipo na ni tupu. Sasa kwanza ujue anayeumwa ni nani, CD au draivu. Weka CD nyingine unayojua ni nzima."

"Nina ya kwaya hapa mkobani."

"Ya muziki usiitumie, hiyo haipachikwi hata kwenye mashine nzima, maana ndani haina mafaili kama haya yetu. Tumia ile niliyokuachia kwenye daftari."

Niliitoa ile ya kwenye jalada. Haikuwa imeguswa tangu aondoke. Mashine ikaniambia hakuna diski ndani ya draivu.

"Basi ni draivu," fundi alisema. "Sasa iulize kama inaijua draivu yenyewe."

Alinisomea amri, nikaandika. Draivu ilikuwepo kwenye orodha, kwa jina lake la kikompyuta, sr0, pamoja na namba zake zote. Kwa hiyo waya haukuwa umechomoka. Akanisomea amri nyingine ya kutazama kumbukumbu za mashine, mahali inapoandika kila linalotokea ndani yake. Hakukuwa na malalamiko yoyote. Draivu ilikuwa hai, ilifungua trei, ilizungusha CD, ila haikujua imezungusha nini.

"Hapo kwenu kuna vumbi?" aliuliza.

Niligeuka kuitazama korido. Mafundi wa vigae walikuwa kwenye mapumziko ya chai, na msumeno wao ulikuwa sakafuni. Vumbi jeupe lilikuwa juu ya kila kitu, juu ya mafaili, juu ya kizingiti cha dirisha, juu ya mikono yangu. Nilikuwa nafuta meza kila asubuhi kwa wiki nzima na haikunijia kwamba kompyuta nayo inavuta hewa.

Kompyuta yetu ya masjala ni ile ndogo ya mezani, na draivu yake ni nyembamba kama ya laptop. Trei ikitoka, lenzi hutoka nayo. Ni kijicho kidogo kuliko tembe ya piriton. Nilizima mashine, nikaenda chumba cha kufungia vidonda kuomba spiriti kidogo na kijiti cha pamba, nikaifuta lenzi polepole kama nilivyoelekezwa, bila kukandamiza, nikaiacha ikauke. Pamba ilitoka na rangi ya unga. Nilipowasha na kurudisha CD ya Turiani, folda ilijifungua yenyewe kabla sijashika kipanya. Zilikuwa picha nyingi sana za bega.

Mwanamke wa Turiani alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Nilimwambia CD yake imesoma. Akasema, "Nilikwambia," akachukua mkoba wake akaenda msibani.

Nilikaa pale. Nilijaribu kuukumbuka uso wa yule mzee alipovua kofia, na nilipoukumbuka vizuri niliondoka nikaenda kulitafuta faili lake. Namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya mpwa wake.

Alipokea huku nyuma yake watu wakipatana bei za nyanya.

"Jina langu si muhimu," nilimwambia, "mimi ni dada wa masjala, hospitali. Nilitaka kujua mzee anaendeleaje."

"Mjomba? Mzima. Tangu mlipomwambia hana kitu amerudi shambani. Hata ule mkanda wa kiunoni ameuvua."

"Nani alimwambia hana kitu?"

Alimwomba mteja wake asubiri.

"Si ninyi?" alisema. "Alinifuata kwenye benchi akaniambia, twende nyumbani, dada wa dirishani ameipima CD na amesema hakuna kitu. Nikamuuliza, una uhakika? Akasema amemuuliza mara mbili. Njia nzima ya kupanda alikuwa anaimba."

Nilimweleza. Nilianza na vumbi, nikaona nimeanzia mbali, nikarudi kwenye maneno yenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Hilo utamwambia mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi. Jumamosi nitakupeleka."

Nilimwandikia mganga mfawidhi barua ya ukurasa mmoja kueleza kilichotokea. Aliisoma mbele yangu, akaniuliza kama draivu imepona, nikasema imepona, akaiweka barua kwenye trei ya mafaili. Hilo liliishia hapo, na sijui kama ningependa liishie kwa namna nyingine.

Jumamosi tulikwenda kwa bodaboda mpaka barabara ilipokwisha juu ya Bigwa, kisha tukapanda kwa miguu. Mpwa alitangulia na hakuongea sana. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na njia iliteleza. Wanawake walioshuka na ndizi vichwani walitupisha kwa adabu, ingawa sisi ndio tuliopaswa kuwapisha wao. Miguu yangu ya ofisini ilichoka mapema. Kila tulipopumzika nilijaribu kupanga maneno, na kila mpango ulianza na neno mashine.

Tulimwona kabla ya kufika nyumbani kwake. Alikuwa anashuka kwenye kona ya njia, kiroba cha karoti begani, kichwa kimeinama upande wa pili kukipisha. Alikuwa anatembea vizuri. Ingawa mpwa alishaniambia amerudi shambani, nilitegemea kumkuta amelala, na nilishtuka zaidi kumwona akitembea vizuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alinikazia macho. "Wewe si dada wa dirishani?"

"Ndiye mimi."

"Umefuata karoti?"

Mpwa wake aligeuka kuangalia bondeni. Mzee alimtazama, akanitazama na mimi, akakitua kiroba kwa mikono yake mwenyewe kabla hatujamsaidia. Akasema twende nyumbani, mgeni hasemeshwi njiani.

Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine. Mkewe alikuwa ameenda kigangoni kwenye usafi wa kanisa. Mzee alinipa kigoda, yeye akakaa kwenye tofali. Nilimwambia moja kwa moja.

"Baba, siku ile nilisema CD haina kitu. Nilikuwa naisema CD. Sikuwa nausema mgongo."

Alifikiri. "Mgongo ulikuwa ndani ya CD."

"Ndiyo."

"Na wewe ulisema hakuna kitu humo."

"Ndiyo. Na hata kwa hiyo CD nilikosea. Mashine yangu ilikuwa na vumbi kwenye jicho, haikuiona kabisa. Nilipaswa kukwambia kwamba mashine imeshindwa kusoma."

"Kwa hiyo mgongo wangu hakuna aliyeuona."

"Daktari wetu hajauona."

Alichukua kijiti akaanza kukwangua matope kwenye buti. Alikwangua buti moja lote, akahamia la pili.

"Maumivu yalipungua," alisema. "Siku ile niliupanda huu mlima bila kukaa chini. Muulize huyu."

"Ni kweli," mpwa alisema.

"Na shamba la juu nimelima lote, peke yangu. Nilikuwa nimeshawaambia hawa kwamba mwaka huu sitalima." Alikiweka chini kile kijiti. "Mtu ukimwambia hana kitu, anapata nguvu. Sasa umekuja kuninyang'anya."

Hakusema kwa ukali. Nilimwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu ambacho hajui atakitumia wapi. Halafu nikamuuliza CD iko wapi.

Alinyoosha mkono kuelekea kitalu cha kabichi nyuma ya jiko. Ilikuwa imefungwa kwa uzi wa kiroba kwenye kijiti, ikizunguka na upepo na kumulika mwanga juu ya miche. Ndege walikuwa wanamaliza miche yake, alisema, na kitu kinachong'aa kinawatia hofu. Upande wa chini ulikuwa na madoa ya matope na mikwaruzo pale ilipogonga kijiti. Alikata uzi kwa meno akanipa.

"Mkiona kitu, mniite," alisema. "Msipoona, niacheni nilime."

Tulipoondoka alisimama na kurudi njiani kwenye kiroba chake. Mpwa alimuwahi, akajitwisha kichwani, akaanza kushuka bila kumtazama. Mzee alibaki amesimama na mikono yake mitupu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akishika kiuno siku ile.

Jumatatu niliiosha CD kwa maji na sabuni ya kuoshea vyombo, nikaikausha kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Draivu sasa ilikuwa safi, lakini haikupachika. Safari hii jibu lilikuwa jingine. Mashine iliiona CD, ilijua ukubwa wake, ilianza kuisoma, ikakwama, ikapunguza mwendo, ikajaribu tena, mwisho ikasema kuna hitilafu katika kusoma. Nilimpigia fundi na kumsomea kila mstari kama ulivyo, herufi kwa herufi, bila kuongeza langu. Alicheka kidogo.

"Sasa ndiyo CD inayoumwa," alisema. "Usilazimishe kuipachika. Inakili kwanza yote kama ilivyo, iwe faili moja kwenye kompyuta, halafu upachike hiyo nakala."

Alinielekeza programu ya kufanya hivyo. Inapita kwenye CD ikichukua kwanza sehemu zinazosomeka bila shida, na zile mbovu inaziruka, kisha inazirudia moja moja kwa subira ambayo mtu hana. Nilianza saa tatu asubuhi. Saa sita umeme ukakatika, nikadhani kazi yote imepotea. Uliporudi niliandika amri ileile na programu ikaendelea pale ilipoachia, kwa sababu ilikuwa ikijiandikia mahali ilipofika. Kufika saa tisa na nusu ilikuwa imekusanya karibu yote. Vipande vichache vya ukingoni vilikataa mpaka mwisho.

Niliipachika nakala. Folda ikafunguka. Kabla sijagusa picha yoyote nilisoma jina la mgonjwa, nikalilinganisha na faili, nikasoma umri, nikalinganisha tena. Picha mbili tatu hazikufunguka. Nyingine zote zilifunguka, na mgongo wa yule mzee ulionekana kwenye skrini yangu, mweupe na mweusi, pingili juu ya pingili. Mimi siwezi kuusoma mgongo. Niliutazama tu, halafu nikautuma.

Jumanne iliyofuata ya daktari, mpwa alimleta. Daktari wetu ni mtu wa maneno machache. Aliniita chumbani nimwongezee mwanga wa skrini, nikabaki kwa sababu hakuniambia nitoke. Alimwonyesha mzee kwa ncha ya kalamu.

"Hapa na hapa, mzee. Nafasi ya mshipa wa fahamu imekuwa finyu. Ndiyo maana unasikia mguu unawaka moto."

"Kwa hiyo kuna kitu."

"Kipo. Kubeba mzigo kumekwisha. Kulima kwa kuinama muda mrefu, hapana. Utaanza mazoezi hapa kwetu. Mguu ukianza kufa ganzi au ukishindwa kuzuia haja, usingoje miadi, uje siku hiyohiyo, maana hapo tutazungumza habari ya upasuaji."

Mzee aliuliza kama mtu anaweza kubeba kiroba kimoja, kile kidogo. Daktari akasema hapana. Akauliza nusu kiroba. Daktari akasema hapana, bila kuchoka. Mzee akavaa kofia.

Walipotoka nilimuuliza daktari lile lililonipeleka mlimani. Mzee alikuwa amebeba na kulima siku nne akiamini ni mzima. Je, siku hizo zimemwongezea ugonjwa?

"Sijui," alisema. "Picha hii ilipigwa kabla."

Alikuwa ameshafungua faili la mwanamke wa Turiani.

Siku hizi nikiwa dirishani husema mashine haijasoma, na humwambia mgonjwa asubiri wakati nachunguza. Kwenye daftari la fundi, chini ya amri ya kupachika, niliongeza mistari yangu kwa wino mwekundu: jaribu CD nyingine, safisha lenzi, nakili kwanza. Draivu naifunika kwa kitambaa jioni. Haya ni mambo madogo na hayakuwa magumu kujifunza.

Wakati wa masika nilimkuta mpwa wake sokoni. Aliniuliza habari za kazi, nikamuuliza habari za nyumbani. Akanieleza huku akinichagulia mchicha kwamba ukoo ulikuwa umekaa kikao. Kwao ardhi inafuata upande wa mama, na lile shamba la juu, lenye matuta aliyoyalima peke yake katika zile siku nne, amepewa mpwa mwingine, mwanamume mwenye nguvu, kwa sababu shamba halikai bure mzee akishindwa. Mzee hakubisha. Kabichi alizozipanda mle alizivuna huyo mwingine, akamletea nyumbani fungu lake. Kitalu cha nyuma ya jiko amebaki nacho, anakihudumia akiwa amekaa kwenye kigoda, na sasa watu wa pale juu wote huchukua miche kwake.

"Analalamika?" niliuliza.

"Analalamikia kukaa," alisema mpwa. "Mgongo hausemi."

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Alikuwa na fimbo, na alikuwa amenyoa ndevu. Nilimwamkia kutoka dirishani, akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida, akaniuliza kama foleni ya mazoezi inaanzia upande huu au ule wa maabara. Nilimwelekeza upande wa maabara, na akaenda kukaa kule.